Aliyosema Rampha Darajani

Nong Phailom, 9 Novemba 1969

Kwako Mama Mdogo Lamun,

Shikamoo. Nakuamkia viganja vikiwa kifuani. Bibi naye anakusalimu, ila amesema niandike kwamba ni salamu nusu, nusu nyingine utapewa siku utakayomletea tambuu ya Korat uliyomwahidi. Mgongo wake umetulia tangu mvua zikome. Mama hajambo. Mpunga umekomaa wote kwa pamoja, wavunaji ni haba, kwa hiyo siku za mapumziko nami nashika mundu. Wananicheka. Wanasema naushika kama kalamu.

Ofisini wilayani naendelea salama. Nimepewa meza ya karibu na dirisha.

Wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwandikia habari za sinema bila kuambiwa sina kazi ya kufanya. Wiki iliyopita gari la wauza dawa lilifika, wakatandaza kitambaa kwenye uwanja wa hekalu, wakatuonyesha Rampha Avuka Mto. Sijui kama umeiona. Rampha ni binti wa mvushaji, baba yake anataka kumwoza kwa jambazi mwenye jino la dhahabu, na steringi amefungwa kwa kosa la kusingiziwa. Katikati ya filamu Rampha anatoroka, anafika kwenye daraja la mbao. Steringi yuko ng'ambo ya pili, jambazi yuko nyuma yake na bastola. Rampha anasimama. Midomo yake inacheza. Na hapo hapo, kama ilivyo desturi yao, wakazima mashine wakaanza kuuza dawa ya minyoo.

Walipowasha tena, mtia sauti (huyu anafanya sauti zote peke yake, hata ya mbwa) alimfanya jambazi angurume: "Rudi hapa, la sivyo nafyatua!" Rampha akajibu: "Bastola yako siiogopi, kaka. Naogopa hili daraja. Hivi limejengwa na wale wale waliojenga la Nong Phailom?"

Watu walicheka hata mlio wa risasi haukusikika. Mzee Thongdi, ambaye nyati wake alitumbukiza mguu kwenye daraja letu jipya mwezi wa tisa, alicheka mpaka akatema tambuu mgongoni mwa mwenziwe. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Bwana Wirat, naibu mkuu wa wilaya.

Maoni yangu ni kwamba Rampha ni msichana jasiri kuliko wote niliowaona mwaka huu. Kufanya mzaha mbele ya bastola si jambo dogo. Wimbo wa harusi ni mrefu mno, na yule steringi ana kitambi.

Je, filamu hiyo imefika Korat? Kama umeiona, pale darajani Rampha alisema nini? Ningefurahi ukinijibu mapema. Ni hamu tu ya kujua.

Mwanao,
Thawin


Korat, 23 Novemba 1969

Kiluwiluwi wangu,

Marahaba. Nakuita Kiluwiluwi hata kama una meza ya dirishani, maana mimi ndiye niliyekuogesha ukiwa na kichwa kikubwa na mkia wa kanga. Mwambie Bibi tambuu iko njiani na nusu ya salamu aitunze, isichache. Mwambie dada yangu aache kuvuna akiwa na kikohozi. Najua ana kikohozi. Hujaandika, lakini umeandika "hajambo" kwa mkono wa mtu anayeficha.

Cherehani yangu mpya inalia kama bata, lakini inashona. Harusi ni nyingi msimu huu, na maharusi wote wanataka mikono ya gauni kama ya mcheza filamu fulani aliyenyanyua mabega mpaka masikioni.

Haya, filamu yako. Imefika, na nimeiona Jumamosi iliyopita pamoja na jirani yangu Bi Sangwan, ambaye huangalia sinema kwa mdomo. "Usiende huko! Yupo nyuma ya mlango! Mjinga wewe!" Nimemwambia siku moja watamlipa yeye badala ya mtia sauti.

Hatukuona filamu moja, mwanangu. Rampha wa kwetu ni mwoga. Anafika darajani, anatazama nyuma, midomo inacheza, na mtia sauti wetu akamfanya alie: "Usimwue mpenzi wangu, narudi, narudi." Na kweli akageuka akarudi kwa jambazi, kichwa chini. Bi Sangwan alilia. Mimi nilikasirika nikala karanga zote. Mto unao mbele yako, mguu mmoja uko darajani, halafu unarudi? Filamu mbovu, nywele nzuri. Ila la kitambi umesema kweli.

Unajua mwenyewe filamu hizi hupigwa bila sauti. Kila mji unasikia lake. Alichosema yule dada kweli mbele ya kamera huenda ilikuwa, "Viatu vinanibana."

Sasa nikuulize. Umeandika "hamu tu ya kujua" kama mtu anayekimbizwa na nyuki anayesema amependa tu kukimbia. Kuna nini? Na huyo mtia sauti wenu ni nani? Kama ni mtu anayekohoa kidogo kabla ya kutoa sauti ya kike, basi usiniandikie jina lake.

Mama yako mdogo,
Lamun


Nong Phailom, 6 Desemba 1969

Mama Mdogo,

Shikamoo. Bibi mzima. Mama ana kikohozi, ulikisia sawa. Ameanza dawa ya mizizi na amekatazwa kuingia shambani, naye huingia tukigeuza mgongo. Mavuno yamekwisha.

Anakohoa kabla ya sauti ya kike. Jina lake siandiki.

Nilikuficha jambo kwa sababu barua hupita ofisini kwetu kabla ya kwenda stesheni. Hii nimempa mtawa anayesafiri kwenda huko, ataileta mpaka dukani.

Asubuhi baada ya filamu ile Bwana Wirat aliniita. Daraja la Nong Phailom lilisimamiwa na yeye, unakumbuka nilivyokuandikia alivyokata utepe. Alifunga mlango mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema, "Thawin, wewe umesoma, una masikio ya mtu aliyesoma. Ulisikia yule mpiga domo alivyosema?"

Nikasema nilisikia.

"Alisema serikali inajenga madaraja mabovu ili raia wafe. Ndivyo wanavyosema wakomunisti, watu wa msituni. Ulisikia hivyo, sivyo?"

Mama Mdogo, sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana. Nilisema, "Palikuwa na kelele, bwana." Naye akatabasamu akasema, "Utakumbuka vizuri zaidi ukitulia."

Polisi wamechukua kipaza sauti na mashine. Mtia sauti analala hekaluni. Mkuu wa wilaya akirudi kutoka Bangkok, katikati ya Januari, kutakuwa na kikao, na mimi nitasimama mbele ya wote nirudie maneno. Nikisema kama Bwana Wirat anavyotaka, mzee yule atapelekwa gerezani kama mtu wa msituni, na unajua wanaopelekwa kwa jina hilo hurudi wakoje, wakirudi. Nikisema vingine, nitapoteza kazi. Bibi, Mama na wadogo zangu wote wanakula kupitia meza hii ya dirishani. Usiku nalala nikiyasikia maneno ya Bwana Wirat yakitoka mdomoni mwangu, naamka nimeuma shuka.

Ndiyo maana niliuliza. Nilitumaini Rampha angekuwa amesema hivyo hivyo huko Korat. Basi ningesimama na kusema: bwana mkubwa, ni maneno ya filamu, mtia sauti hakuongeza kitu.

Mama Mdogo, ungeweza kuandika hivyo? Barua fupi tu. Kwamba uliiona filamu Korat na Rampha alisema vile vile, ila alitaja daraja la mji mwingine. Wewe hujulikani ofisini hapa. Nakuomba wewe uliyeniogesha.

Thawin


Korat, 2 Januari 1970

Kiluwiluwi,

Marahaba, na heri ya mwaka. Barua yako ilifika salama, na hii atakuletea mtawa yule yule. Mtawa alikunywa chai, akatazama picha za maharusi ukutani kwa muda mrefu kuliko inavyompasa. Nimechelewa kujibu. Nilianza mara nyingi nikachana. Bi Sangwan aliona vipande akadhani nina mchumba.

Nimetuma tambuu ya Bibi na flana ya kifua ya dada yangu. Avae, asiitunze kabatini.

Jumamosi niliona filamu ya yule shetani wa kike ambaye usiku kichwa chake hukatika na kuruka kikiburuta matumbo. Watu walipiga kelele mpaka kitambaa kikatikisika. Mimi nilikuwa natazama uzi. Kichwa kilikuwa kinavutwa kwa uzi, na uzi ulionekana wazi, na bado watu walijificha chini ya viti. Nikakufikiria wewe na Bwana Wirat.

Barua uliyoniomba sitaiandika.

Si kwa sababu naogopa. Ni kwa sababu utasimama mbele ya watu na kusema maneno yangu, badala ya kusema maneno yake. Utakuwa umebadilisha mtia sauti tu. Midomo itacheza, wewe hutakuwemo.

Sitakueleza kwa nini jambo hili linanikera kiasi hiki. Dada yangu anajua, naye asikueleze.

Unasema utapoteza kazi. Huenda. Mimi nilipoteza kazi nikiwa na umri wako, kazi niliyoipenda kuliko pumzi, na tazama, nashona mikono ya mabega na sijafa. Vyumba vyangu ni viwili. Kimoja kina nguo za watu, hizo zitahama. Mkifukuzwa mje wote, na kuku.

Lakini usije na maneno ya mtu mwingine mdomoni. Hayo sitayapokea mlangoni.

Lamun


Nong Phailom, 18 Januari 1970

Mama Mdogo,

Shikamoo. Flana inamtosha Mama na anaivaa, Bibi amepokea tambuu na sasa unasalimiwa salamu nzima. Wadogo wote wazima.

Kikao kilikuwa juzi. 

Asubuhi kabla ya kwenda nilipita kwenye kibanda cha Babu Mlinzi, mzimu wa kijiji chetu, kule kwenye miti nyuma ya kijiji. Sina kawaida. Niliwasha ubani nikasema: Babu, sikuombi nishinde. Naomba sauti isinikwame. Ukinipa hilo, nitakuonyesha filamu nzima, ya peke yako, kama wanavyofanya watu wenye nadhiri kubwa. Hapo sikuwa nimefikiria filamu itatoka wapi.

Ukumbi ulijaa. Mkuu wa wilaya alikuwa ametoka safari na mafua, kitambaa puani. Bwana Wirat alieleza kwa kirefu. Mzee mtia sauti alisimama kando akiwa amechomekea shati lake la maua. Kisha nikaitwa.

"Wewe ndiwe karani uliyekuwa karibu?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Sema ulichosikia."

Bwana Wirat alikuwa ananitazama, na midomo yake, Mama Mdogo, ilikuwa inacheza. Naapa. Alikuwa ananisomea kimya kimya. Nikakumbuka ule uzi wako.

Nikasema: "Rampha alisema, 'Bastola yako siiogopi, kaka. Naogopa hili daraja. Hivi limejengwa na wale wale waliojenga la Nong Phailom?' Basi. Serikali hakuitaja. Kufa hakukutaja."

Mkuu akapenga kamasi. "Watu walifanyaje?"

"Walicheka, mheshimiwa."

"Na wewe?"

"Mimi sikucheka. Niliogopa."

"Ulimwogopa jambazi?"

"Hapana. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Bwana Naibu."

Mtu mmoja mlangoni alianza kucheka akajifanya anakohoa. Mkuu akaniuliza tena, polepole: "Na hilo daraja likoje?"

Hapo ningeweza kusema sijui. Kazi yangu ni vyeti, si madaraja.  Lakini sauti haikukwama. Nikasema, "Nyati wa Mzee Thongdi alitumbukiza mguu mwezi wa tisa, mheshimiwa. Tangu hapo watu wanavuka majini, pembeni yake."

Usidhani haki ilishuka na ngoma. Mkuu hakutaka kumwaibisha naibu wake mbele ya watu. Alisema mtia sauti si mtu wa msituni ila ni mtu wa mdomo, apewe mashine yake, lakini ni marufuku kushika kipaza sauti ndani ya wilaya hii kwa mwaka mzima. Mimi sikufukuzwa. Nimehamishiwa kituo cha mpakani, kule milimani, kuanzia mwezi wa nne, na kwa sasa meza yangu imewekwa karibu na jiko la chai. Mshahara haujabadilika. Bwana Wirat hunipita kama mtu apitaye kiti.

Mzee Khamphan alikuja nyumbani kushukuru. Samahani, jina limenitoka. Mama alipomwona aliingia ndani akafunga mlango. Bibi akamwita akae, akamkatia tambuu, akasema, "Wewe bado hujanenepa?" Nami nikajua kuna jambo. Mzee Khamphan akanieleza mwenyewe, hukunikataza kumsikiliza yeye.

Alisema zamani mlikuwa wawili kwenye kipaza sauti, wewe ulikuwa midomo ya wanawake wote wa nchi hii ya kaskazini-mashariki. Na kwamba siku moja, mbele ya uwanja uliojaa, kwa sauti ya steringi, alisema, "Lamun, utakubali nikuoe?" Na kule kwenye kitambaa binti alikuwa anatabasamu na kuitikia kwa kichwa, na sauti yako ikasema, "Hapana, kaka, sitaki." Watu walidhani ni kichekesho wakapiga makofi. Yeye alimaliza filamu. Wewe ulipanda basi asubuhi.

Anasema mpaka leo hajui kwa nini.

Sasa nina nadhiri na sina wa kuitimiza. Mzee Khamphan anayo filamu ile ile na mashine, anasema ataileta bure. Lakini hawezi kushika kipaza sauti. Kumwonyesha Babu filamu bubu ni kumtukana. Bibi anasema mwaka Babu aliposikitika tulipata nzige. Watia sauti wengine wanaogopa kuja.

Sikuombi kitu. Nakupa habari tu.

Thawin


Korat, 30 Januari 1970

Thawin,

Mwambie Khamphan afute kipaza sauti kwa kitambaa chenye maji ya moto. Alikuwa anakitemea.

Mwambie pia: mtu anayeogopa kuniuliza kwa mdomo wake hawezi kunioa kwa mdomo wa mcheza filamu. Kama alihitaji miaka yote hii kuambiwa hivyo, basi nilijibu vizuri.

Nakuja na basi la tarehe saba. Kuku wasichinjwe, nitakula papai bichi la kutwangwa na pilipili, lile la dada yangu, siyo la kistaarabu.

Nimezoea kutia sauti wanawake tu. Jambazi nitamtia ya Bi Sangwan.

Lamun


Nong Phailom, 1 Machi 1970

Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini basi halikukuchosha na kwamba maharusi hawakukimbia na vitambaa vyako. Mama anasema umesahau kanga yako, au umeiacha makusudi ili uwe na sababu ya kurudi. Bibi anasema ni makusudi. Mzee Khamphan anasema hasemi kitu, kisha anakaa hapa mpaka chai inakwisha. Juzi alimwuliza Mama, kwa sauti yake mwenyewe, kama anaweza kukuandikia. Mama amemwambia afute kwanza miguu.

Uliondoka alfajiri kabla hatujazungumza, na wewe muda wote ulikuwa ndani ya gari, uso kwenye kitambaa. Hukuona kilichokuwa nyuma yako. Kwa hiyo nikusimulie filamu uliyoitia sauti mwenyewe.

Mbele ya kibanda tulitandika mkeka mmoja wa Babu, na maji, na maua. Hakuna mtu mwingine, kama inavyopasa. Polisi alikuja kuangalia nani kashika kipaza sauti, akaona ni mwanamke wa Korat, akauliza, "Hawa watazamaji wako wapi?" Mzee Khamphan akaonyesha mkeka mtupu. "Yule pale. Mwamkie." Polisi akaamkia.

Jua lilipozama, mwanzo wa filamu, nilisikia majani. Nikageuka. Mzee Thongdi alikuwa ameketi kwenye mizizi, na mkewe, na nyuma yao wengine, na wengine zaidi, kijiji kizima kati ya miti, bila taa, bila mkeka. Nikamnong'oneza, "Baba, hii ni ya Babu peke yake." Akasema, "Sisi hatuangalii. Tumekuja kutafuta nyati." Nyati wake nilimwona mchana amefungwa nyumbani.

Na Bwana Wirat alikuwepo. Alisimama kando, karibu na polisi, mikono nyuma. Nadhani alikuja kusikia utakachosema darajani, ili akukamate nacho.

Jambazi wako alichekesha sana. Watu waliziba vinywa kwa mikono, miti yote ilikuwa inapumua kwa pua. Kisha Rampha akafika darajani. Jambazi akasema, kwa sauti ya Bi Sangwan, "Rudi hapa, mjinga wewe, la sivyo nafyatua!"

Midomo ya Rampha ikacheza. Na wewe hukusema kitu.

Mashine ilikuwa inalia tu. Yule dada alikuwa mkubwa kuliko nyumba, anafungua kinywa na kukifunga, na hakuna sauti. Nilidhani waya wa kipaza sauti umekatika. Nilidhani umesahau. Nikatazama gari, nikaona kipaza sauti umekishusha pajani na umekaa umekunja mikono. Bwana Wirat alikuwa ameinamisha sikio.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, gizani: "Naogopa daraja! Limejengwa na wale wale?"

Na miti yote ikajibu kwa pamoja, wazee, wanawake, hata Bibi: "WALE WALE!"

Bwana Wirat aligeuka kushoto, akageuka kulia. Polisi akamwuliza, "Nimkamate nani, bwana?" Hakuna aliyekuwa kwenye kipaza sauti. Rasmi hakuna aliyekuwepo hata mmoja, isipokuwa Babu. Wakacheka hapo, Mama Mdogo, bila kuziba vinywa tena, na Rampha akageuka kwenye kitambaa akamwendea jambazi, na nilivyomwona safari hii hakuwa analia wala hakuwa anatania. Alikuwa anarudi kumaliza jambo.

Wiki iliyofuata mafundi waliletwa na mbao mpya. Hakuna aliyetangaza. Hakuna utepe. Mzee Thongdi amempitisha nyati mara kadhaa, kwenda na kurudi, bila shughuli yoyote ng'ambo.

Mimi naondoka kwenda milimani mwezi ujao kama ilivyoamriwa. Wanasema kule hakuna sinema kabisa, na baridi inaingia kwenye wino. Mama analia, kisha anafungasha. Naogopa, sitakuficha. Lakini nimeomba gari la dawa lipite kule baada ya mavuno, na Mzee Khamphan amekubali, maana kule ni wilaya nyingine.

Kuna jambo moja hukuliona, na sijamwambia mtu hata Bibi, ndiyo maana barua hii nayo naipitisha kwa mtawa. Ile sauti ya kwanza iliyotoka gizani, watu wote wanamsifu Mzee Thongdi, naye anakubali sifa. Haikuwa yake.

Ilikuwa yangu.

Mwanao,
Thawin


Korat, 12 Machi 1970

Thawin mwanangu,

Marahaba. Cherehani nzima, Bi Sangwan mzima, na amefurahi kusikia kwamba aliigiza jambazi. Anadai tiketi ya bure. Kanga kaeni nayo. Khamphan akitaka kuandika aandike, ila aandike yeye, asimpe mtu mwingine kalamu. Sijaahidi kitu. Nimesema aandike.

Huko milimani vaa soksi mbili. Watafutie filamu. Ukiwaonyesha hii ya Rampha, utaniandikia ni lipi walilosikia.

Unasema sikuona kilichokuwa nyuma yangu. Mtu aliyekaa kwenye kipaza sauti miaka mingi hahitaji kugeuka. Niliposhusha kipaza sauti nilijua kuna mtu mmoja atakayeshindwa kuvumilia kimya kile, na nilijua sauti yake, maana niliisikia mara ya kwanza nikimwogesha, ikilalamika kwamba maji ni baridi.

Nimerudi kuiona filamu tena Jumamosi, hapa hapa mjini, mtia sauti yule yule anayeliza watu. Akasema, "Narudi, narudi," na Bi Sangwan akalia tena. Mimi niliziba masikio nikatazama macho tu. Umeshinda, nakubali, na sikubali mara nyingi.

Hakuwa mwoga.

Lamun